Bamba la Juu ya Moto

Vijana wa kukata chuma walikula kwangu siku mbili kabla sijajua wamekuja Mpanda kukata nini. Nauza chakula nyuma ya stesheni, wali maharage na dagaa, nyama siku za treni, na mgeni akikaa kwenye benchi langu simuulizi kazi yake mradi amenawa mikono. Hawa walikuwa wanne, wana mitungi ya gesi kwenye gari dogo, na walikula kama watu waliotoka jela. Siku ya tatu mkubwa wao akaniuliza kama namfahamu mrina asali yeyote, maana ile injini ya zamani kule kwenye majani ina nyuki tumboni.

Nikaweka upawa chini. "Injini ipi?"

"Kwani zipo ngapi, mama?"

Ipo moja. Iko ng'ambo ya njia ya mwisho ya reli, ile isiyotumika, imeota kutu na mti umepenya kwenye kabini yake. Mbuzi wanapumzika chini yake jua likiwaka. Watu wa Mpanda hawaioni tena, wanaipita wakiwa kwenye bodaboda wanaongea na simu. Mimi naiona kila siku na kila siku naichukia, tena naichukia kwa jina la kila kipande chake, kwa sababu dereva wake wa mwisho alikuwa baba yangu.

Baba yupo hai. Anakaa kwangu, chumba cha uani, anasikiliza redio na kugombana nayo. Jicho moja limekufa kabisa, la pili lina ukungu, na kupasuliwa amekataa katakata. Alinifundisha injini ile nikiwa mtoto, kwa sufuria na vijiti vya muhogo, na mpaka leo mtu akiielezea vibaya mbele yangu nakasirika kama yeye. Watu hudhani injini ya mvuke ni pipa la maji juu ya moto. Hapana! Moto umekaa ndani ya maji. Nyuma kabisa, mbele ya miguu ya dereva, kuna chumba cha chuma, ndilo tanuru, na maji yamelizunguka pande zote na juu pia. Joto linapita kwenda mbele kwenye mabomba mengi membamba yaliyolala ndani ya boila, yaani tangi refu la maji, maji yanachemka kuzunguka mabomba hayo, mvuke unapanda, unashuka kwenye silinda, unasukuma pistoni, na vyuma virefu vya pembeni vinazungusha magurudumu manane. Mvuke ukimaliza kazi unarushwa nje kwenye dohani, ndio ule mlio wa chwa chwa chwa, na ukitoka unavuta hewa nyuma yake, kwa hiyo moto unazidi kuwaka. Injini ikikazana, moto nao unakazana wenyewe. Baba akifika hapo alikuwa anapiga paja lake na kucheka, utadhani ni yeye aliyelibuni jambo hilo.

Ya kwetu waliitengeneza nyepesi kwa makusudi. Reli za kutoka Kaliua kuja huku zilikuwa nyembamba, na ardhi ya Ugalla masika ni tope tupu, kwa hiyo uzito uligawanywa kwenye magurudumu mengi madogo. Ilitumia mafuta mazito, si kuni wala makaa. Fayamani wake, yaani msaidizi wa dereva anayetunza moto na maji, alikuwa mtu wa koki: koki ya mafuta, koki ya mvuke, na injekta, kile kifaa kinachotumia mvuke wa boila lenyewe kuingiza maji mapya. Alikuwa na koleo moja dogo la mchanga. Mara mojamoja alirusha mchanga ndani ya tanuru, ukanyonywa kwenye mabomba, ukakwangua masizi, na moshi mweusi ukawafunika watu waliokuwa wameanika nguo. Mama alimtukana baba sana kwa ajili ya mashuka.

Sasa lililotuharibia maisha ni hili. Dari la tanuru ni bamba la chuma, limeshikiliwa kwa juu na vyuma vingi kama misumari mirefu. Juu ya bamba hilo lazima maji yawepo muda wote. Yakishuka, bamba likabaki kavu, inakuwa kama sufuria yangu ya maharage ikikaukia jikoni: chuma kinaiva, kinakuwa chekundu, kinalainika, na mvuke ulioko juu unakikandamiza mpaka kinalegea. Kikipasuka, waliokuwa kwenye kabini hawabebwi kwenye machela, wanaokotwa. Ndiyo maana waliweka plagi, kizibo cha risasi, katikati ya bamba. Risasi hiyo ndiyo madini yaliyoleta reli Mpanda tangu mwanzo, ikichimbwa hapahapa. Joto likizidi, plagi inayeyuka kabla ya chuma, tundu linafunguka, maji na mvuke vinaumwagikia moto na kuuzima. Injini inakufa, watu wanapona.

Na walikuwa na desturi. Fayamani alitazama kioo cha maji, kile kibomba cha kioo kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila, na kuita kwa sauti, "Maji nusu!" au "Maji robo!" Dereva alitakiwa ageuke, akione kioo kwa macho yake, ndipo ajibu, "Nimeona!" Wakienda hivyo kutwa nzima, kituo kwa kituo. Baba aliileta desturi hiyo nyumbani. Mama akisema sukari imeisha, baba, amejilaza kwenye mkeka na kofia usoni, anajibu, "Nimeona!"

"Umeona na nini?" mama alikuwa anamuuliza. "Na kisogo?"

Tulicheka sana. Sikujua tunachokicheka.

Kisha siku moja, treni ikiwa karibu kuingia Mpanda, plagi iliyeyuka. Fayamani aliungua mkono wa kushoto. Baba hakupata hata mchubuko. Injini ilivutwa mpaka pale kwenye majani, wakubwa wakaja, mmoja wao akaingiza kichwa na tochi kwenye mlango wa tanuru, akatoka. Fayamani alisema injekta iligoma, akaita maji yanaisha, dereva akajibu nimeona bila kugeuka, akaita tena, akajibiwa vilevile. Baba alisema huo ni uongo. Maji yalikuwa nusu kioo, plagi ilikuwa mbovu, na bamba halikuguswa na moto hata kidogo. "Fungueni boila muone! Bamba limenyooka kama meza!" Hawakulifungua. Injini za mvuke zilikuwa zinaondolewa, nani angehangaika na maiti? Wakamwamini fayamani.

Baba akapelekwa kwenye genge la kutengeneza njia, kushindilia kokoto. Alivumilia kidogo akaacha, akaenda kulima mpunga, na hakuwa mkulima, Mungu anajua. Fayamani mkono ulipopona alifundishwa injini za dizeli, akawa dereva. Tukawa tunamsikia akipiga honi akiingia stesheni, na baba kila akiisikia ile honi anaingia ndani. Hata akiwa katikati ya chakula. Tulizoea, tunamfunikia sahani.

Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana wale. Tangu siku hiyo baba hakumtaja tena, alimwita "yule mtu wa Magamba", kwa kuwa huko ndiko alikojenga.

Baadaye, nikiwa bado mtoto, nyuki wakaingia kwenye tanuru, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kusogelea mlango. Ila kabla ya nyuki ulikuwa wazi. Kutoka kwetu mpaka pale ni mwendo wa kuchemsha chai. Baba angeweza kwenda na tochi yake, akainama, akatazama, akamaliza ubishi. Hakwenda. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni kwa sababu ana uhakika.

Mimi na mtoto wa fayamani tulikuwa kwaya moja kanisani. Sitapamba; tulipendana, tena waziwazi, mpaka mwalimu wa kwaya akatutenganisha mistari. Washenga wakaja kwetu, wazee wawili wamevaa makoti. Baba aliwasikiliza, akawapa maji ya kunywa, kisha akasimama.

"Mwambieni aliyewatuma hivi. Siku boila lile litakapofunguliwa, bamba likionekana limenyooka, aje aniombe radhi mbele za watu, ndipo tuongee mambo ya posa. Na likionekana limelegea, mimi mwenyewe nitamshika binti yangu mkono nimpeleke Magamba kwa miguu. Naapa kwa Mungu aliye hai."

Mama alilia. Mimi nilivunja chungu, kwa makusudi. Mwenzangu alinisubiri, si haba, miaka ilipita ananisubiri, kila tukionana sokoni ananiuliza, "Bado?" na mimi namjibu, "Bado." Ungedhani tunaulizana habari za mvua. Mwishowe akaoa binti wa upande wa Kaliua. Sikumlaumu, nilimlaani kidogo tu. Mimi alikuja mwingine kunichumbia, nikamuona anavyokula, nikasema hapana. Ndivyo nilivyobaki, nikamzika mama, nikafungua mgahawa.

Kwa hiyo muelewe kwa nini niliweka upawa chini. Chuma kile kilikuwa na jibu langu. Kama bamba limenyooka, basi baba alionewa, na mimi nilipotea pamoja naye kwa haki, naweza kulala. Kama limelegea, nilipotea bure.

Nilimwambia baba jioni ile ile. Alizima redio. Akasema, "Muite yule mtu wa Magamba. Aje aone na watu wote waone."

Namba ya mwenzangu nilikuwa nayo. Nilipewa msibani, nikaihifadhi, sikuwahi kuipiga. Nikaipiga. Nikasema, "Ni mimi." Akaniuliza, "Limefunguliwa?" Hakuuliza ni mimi nani wala kwa nini nimepiga. Nikamwambia siku, amlete baba yake, nikakata simu kwa hasira nikaanza kulia jikoni, wateja wananiangalia.

Mrina asali alikuja na moshi wake, akawatoa nyuki, akatoa masega meusi ya miaka mingi yaliyojaa vumbi, hayaliki. Kesho yake asubuhi tukaenda. Baba alivaa koti lake la misa. Nilimshika mkono kwenye majani, akawa ananisahihisha njia ingawa haoni: "Kuna shimo hapo, pita kulia." Fayamani alifika na bajaji, mwanawe pembeni yake. Ee Mungu, uzee! Nilimkumbuka mtu mrefu anayeinama mlangoni. Alishuka mzee mdogo mwenye fimbo, mkono wa kushoto umekunjamana ile ngozi ya kuungua.

"Dereva," akamsalimu baba.

"Fayamani," baba akajibu. Basi.

Mwenzangu akanijia. Kichwa chote cheupe. "Umepungua," akaniambia.

"Na wewe umeongezeka."

"Ni kitambi cha wajukuu." Akacheka, mimi sikucheka.

Vijana waliwasha gesi. Walikata ganda la nje kwanza, kisha ubavu wa tanuru, cheche zinaruka mpaka kwenye reli, harufu ya kutu iliyoungua inaingia kooni. Kipande kikubwa kikadondoka kwenye majani. Wakakimwagia maji kilichobaki kipoe, na jua la asubuhi likaingia ndani ya tanuru kwa mara ya kwanza tangu litengenezwe.

Niliinama kabla ya wote. Sikuhitaji kufundishwa. Bamba la juu lilikuwa limening'inia. Kati ya msumari na msumari lilikuwa limebonyea kuja chini, matumbo matumbo, kama kitanda cha kamba kilicholaliwa na watu wazima miaka kumi. Katikati palikuwa na tundu la plagi, tupu. Bamba lilikauka, likaiva, likalainika. Maji hayakuwepo. Yaliitwa, na mtu akajibu nimeona.

Nyuma yangu mwenzangu naye alikuwa ameinama, na nilimsikia akivuta pumzi.

"Nipisheni," baba akasema. "Nipelekeni mkono."

Mkubwa wa vijana akamshika kifundo cha mkono, akamuingiza taratibu asijikate. Vidole vya baba vikafika kwenye bamba. Vikatambaa mpaka kwenye msumari mmoja, vikashuka kwenye tumbo la kwanza, vikapanda kwenye msumari wa pili, vikashuka tena. Viliposhuka mara ya pili vilisimama. Naijua mikono ya baba; huniambia chumvi imezidi kwa kugusa tu ukingo wa bakuli, anadai. Alijua. Lile jicho lenye ukungu lilikuwa limekodoka, halitazami kitu.

Tulingoja. Walikuwepo watu, si haba, waendesha bodaboda, wanawake wa sokoni, wanaume wawili wa stesheni.

"Limenyooka," baba akasema.

Kijana wa gesi akashangaa. "Mzee, mbona hili..."

"Wewe nyamaza," fayamani akamkata. Alisogea kwa fimbo yake mpaka kwenye tundu, akachungulia. Alichungulia kwa muda, macho yake mazima kabisa. Kisha akajinyoosha, akavua kofia.

"Limenyooka, Dereva. Maji yalikuwepo. Mimi ndiye niliyesema uongo. Nakuomba radhi mbele za watu hawa."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika kila mtu shingo na kumsukumia kichwa mle ndani aone. Uongo! Uongo mtupu, mchana kweupe, wa wazee wawili, na mimi nasimama katikati! Nikamtazama mwenzangu aseme kitu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nimekusamehe," baba akasema, na akanyoosha mkono. Wakashikana. Watu wakapiga makofi, vigelegele vikatoka kwa wanawake wasiojua hata wanashangilia nini. Baba alikuwa analia, na alikuwa anacheka, na alikuwa amesimama wima kuliko nilivyowahi kumuona.

Nilimfuata fayamani kwenye bajaji yake. "Shikamoo, mzee. Kwa nini umefanya hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilipata kazi," akaniambia. "Niliendesha, nikastaafu, nikaagwa. Yeye amebaki na hilo bamba tu. Ningelichukua nilipeleke wapi?"

"Na sisi?"

Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. Akamwambia dereva waondoke.

Vijana waliendelea kukata. Nikamuweka baba kwenye bajaji nyingine, maana alikuwa amechoka, nikakaa naye nyuma. Alikuwa anaongea bila kupumua, anamsimulia dereva asiyemjua habari za silinda na magurudumu manane na daraja la Ugalla, anapiga paja lake kama zamani. Nilikuwa namuangalia na nilimpenda, na nilimchukia kiasi cha kutaka kushuka. Tulipokaribia soko akanipapasa mkono akaushika.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa neno langu. Ameomba radhi, sina kinyongo tena. Mwambie yule kijana wake alete washenga. Waje hata Jumapili baada ya misa."

Nilidhani anatania. Nikamgeukia. Hakuwa anatania.

"Baba," nikasema, "ana wajukuu."

"Nani?"

"Huyo kijana. Alishaoa zamani, baba. Ana wajukuu."

Uso wake ukakunjamana, akafikiri. Bajaji ikaruka tuta, akanishika mkono kwa nguvu zaidi.

"Sasa alikuwa na haraka gani?" akauliza. "Kwa nini hakusubiri?"